Mizani, Mche na Ramani ni Ajenda Moja: Barua ya Wazi kwa Bodi za Vyama vya Ushirika vya Kahawa

Ndugu Wenyeviti na Wajumbe wa Bodi za AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao) na Vyama Vikuu vya wakulima wa kahawa,

Nawaandikia kama mwanachama mwenzenu. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe linatuhusu wote: fedha zetu ndizo zinazonunua mifumo, na mashamba yetu ndiyo yanayoingizwa ndani ya mifumo hiyo.

Katika vyama vingi vya kahawa hivi leo kuna kazi tatu zinazokwenda sambamba bila kujuana. Ya kwanza ni TEHAMA: mizani ya kidijitali, vishikwambi, na kuingiza taarifa kwenye MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kazi hiyo iko kwa karani na Meneja. Ya pili ni ubunifu: miche chotara, mtambo mpya wa kumenya, namna mpya ya kuuza. Hiyo tumemwachia Afisa Ugani. Ya tatu ni uendelevu: vyeti, wakaguzi wa wanunuzi, masharti ya Umoja wa Ulaya kuhusu misitu. Hiyo iko kwa mtu wa masoko wa Chama Kikuu, na mara nyingi kwa kampuni ya nje kabisa. Kila kazi ina faili lake, mfadhili wake na semina zake. Zikifika kwenye mkutano mkuu zinasomwa kama taarifa tatu, na mwanachama aliyekaa viti vya nyuma anaondoka bila kujua ni ipi inayomwongezea shilingi kwenye kilo yake.

Ninachosema mimi ni kwamba hizi ni kazi moja. Zikiwekwa mezani pamoja, zinaweza kuokoa kahawa yetu na vyama vyetu. Zikiendelea kutengana, zote tatu zitakwama, nasi tutabaki na madeni, vyeti vilivyokwisha muda na vifaa vilivyokufa kabatini. Naomba mnivumilie nieleze kwa mifano ya kazi zetu za kila siku.

Tuanzie mizanini, maana hapo ndipo chama na mwanachama wanapokutana ana kwa ana. Mama anateremsha gunia, karani analitundika, mshale wa mizani unacheza kati ya 46 na 47. Nyuma yake foleni ni ndefu na jua linazama. Karani anasoma 46, anaandika 46, anachana stakabadhi. Nusu kilo imekwenda, na huenda hakuna aliyekusudia kudhulumu. Sasa chukueni chama cha wanachama 600, kila mmoja akipeleka kahawa mara nane kwa msimu, na kila mara ikapotea nusu kilo. Hizo ni kilo 2,400 ambazo hazina mwenyewe. Mwanachama hawezi kuzithibitisha, bodi haiwezi kuzikanusha, na mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, hawezi kuziona kwa sababu hazikuandikwa popote. Lakini mwanachama anajua moyoni kwamba kuna kitu hakiko sawa, na msimu unaofuata anamuuzia mlanguzi.

Mizani ya kidijitali inayochapa risiti palepale na kutuma ujumbe kwenye simu ya mwenye kahawa inamaliza ugomvi huo. Ujumbe wenyewe hauhitaji maneno mengi: umefikisha kilo 46.5, jumla yako ya msimu ni kilo 312, malipo ya awali ni kiasi hiki, deni lako la pembejeo limebaki kiasi hiki. Mistari minne tu, kwa Kiswahili, inayosomeka hata kwenye simu ya kitochi.

Bodi ikiishia hapo, itakuwa imenunua mizani tu. Manufaa makubwa yako kwenye kumbukumbu zinazojengeka msimu baada ya msimu. Mwanachama mwenye rekodi safi ya misimu minne, kilo kwa kilo, amepata kitu ambacho baba yake hakuwahi kuwa nacho: ushahidi wa kipato chake. Na ushahidi huo ndio silaha ya kupambana na adui ambaye vyama vyetu vimeshindwa kumng'oa kwa miaka mingi. Kagera wanamwita butura, Mbinga wanamwita magoma.

Nyote mnajua butura inavyokuja. Ni Januari, ada ya shule inadaiwa, au kuna mgonjwa, au msiba umeingia. Kahawa bado ni maua au punje changa mtini. Mtu anafika na fedha taslimu na kuinunua mtini kwa bei ya kutupa. Tumejibu kwa vizuizi vya barabarani, kwa doria na kwa faini, lakini hitaji la fedha halizuiwi na kizuizi. Hasara nayo haiishii kwa mkulima aliyeuza. Mnunuzi wa butura hana sababu ya kusubiri punje ziive vizuri. Anataka fedha yake irudi haraka, kwa hiyo huchuma mbivu na mbichi pamoja, akikamua tawi zima na kuumiza macho ambayo yangetoa maua ya mwakani. Kahawa hiyo inaingia ghalani kwa njia za panya, mara nyingi kwa jina la mwanachama halali, na inashusha daraja la shehena nzima. Mnunuzi mnadani anaonja, anashusha bei, na kila mwanachama analipia.

Sasa tazameni kumbukumbu za mizani zinavyoweza kufanya kazi hapa. Chama chenye rekodi za kuaminika kinaweza kukubaliana na SACCOS yake, au na Benki ya Ushirika Tanzania iliyozinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025, kumpa mwanachama mkopo mdogo wa Januari kulingana na kilo alizofikisha misimu iliyopita, na marejesho yakakatwa kidogo kidogo anapoleta kahawa. Rekodi ni kazi ya TEHAMA. Mkopo wa namna hiyo ni ubunifu. Tawi ambalo halikukamuliwa likiwa bichi, na mkulima aliyebaki na kahawa yake hadi ikaiva, huo ndio uendelevu. Tukiondoa kimoja, viwili vilivyobaki havina kazi: rekodi bila mkopo ni karatasi tu, mkopo bila rekodi ni kamari, na semina ya kilimo bora kwa mtu ambaye ameshauza kahawa yake mtini ni kumsumbua bure.

Nije kwenye ramani za mashamba, suala linalozungumzwa kwa hofu kubwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni namba 2023/1115, inayozuia kuingizwa katika soko lake kahawa, kakao, mpira na mazao mengine kadhaa yaliyolimwa kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Mnunuzi atatakiwa kuonyesha kahawa imetoka shamba gani, na shamba hilo liko wapi duniani. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, na wapo wanaosema tusubiri, labda utafutwa.

Mimi nasema tusisubiri, na sababu yangu haiko Ulaya. Chama kinachojua kila shamba la mwanachama liko wapi, lina ukubwa gani, lina mikahawa mingapi na ya umri gani, kinaweza kukadiria mavuno, kuagiza mbolea kwa kipimo, kupanga vitalu na kujadiliana bei kikiwa na hoja mkononi. Chama kisichojua kinakisia kwa kuangalia mwaka jana. Hata kama Ulaya ingefuta kanuni yake kesho asubuhi, ramani hiyo ingebaki kuwa nyenzo bora ya uongozi ambayo bodi inaweza kuwa nayo.

Naomba pia mjue jambo ambalo wauzaji wa huduma hawana haraka ya kuwaambia. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, shamba lisilozidi hekta 4 linaweza kutambulishwa kwa nukta moja tu ya latitudo na longitudo, yenye tarakimu zisizopungua sita baada ya desimali. Kuchora mpaka mzima wa shamba kunahitajika kwa mashamba yanayozidi hekta 4. Tazameni vihamba vya Kilimanjaro na vibanja vya Kagera: wengi wetu hatufiki hata hekta 1. Nukta hiyo inapatikana kwa simujanja ya kawaida yenye GPS, akiishika kijana wa kijijini aliyefundishwa vizuri. Chama kinapoletewa mkataba mnene wa kupimiwa mashamba, kiulize kwanza kinanunua nini hasa.

Na hapa nafika kwenye jambo linaloniuma kuliko yote: umiliki wa taarifa. Mahali pengi kampuni inakuja na vishikwambi vyake, inapita shamba kwa shamba, inachukua jina la mkulima, namba ya simu, picha na nukta ya shamba, kisha inaondoka. Mwaka unaofuata inakuja nyingine na kuanza upya. Mkulima amepimwa na kupimwa tena, na chama chake hakina hata nakala moja. Ukitaka kumuuzia mnunuzi mwingine, unaambiwa taarifa ziko kwa yule wa kwanza. Kwa njia hiyo mkulima aliye huru kisheria anafungwa kibiashara, na kamba iliyomfunga ni taarifa zake mwenyewe.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume ya kuisimamia. Jina la mwanachama, simu yake na mahali lilipo shamba lake si mali ya kuokotwa njiani. Bodi ina wajibu wa kuhakikisha mwanachama ameelezwa taarifa zake zinakwenda wapi na kwa kazi gani, ameridhia, na kwamba chama kinabaki na nakala kamili inayoweza kufunguliwa bila kumwomba mtu ruhusa. Mkataba usiosema hivyo haufai kutiwa saini.

Kabla ya vifaa, hata hivyo, ipo kazi isiyohitaji umeme wala mtandao: kusafisha daftari la wanachama. Tuseme ukweli, madaftari yetu yamejaa majina ya marehemu. Kihamba kimegawanywa kwa watoto wanne, daftari bado linamtaja babu. Mume amefariki miaka mingi iliyopita, mjane ndiye anayepalilia, anayechuma na anayebeba gunia, lakini malipo yanatoka kwa jina la shemeji. Tukiyaingiza haya kwenye kompyuta jinsi yalivyo, tutakuwa tumeipa dhuluma ya zamani nguvu mpya, kwa sababu karani atasema mfumo haumtambui mama huyu, na mama hatakuwa na wa kubishana naye. Kusafisha daftari ni kuwapa wanawake na vijana wanaolima nafasi ya kuwa wanachama kamili wenye kura, risiti na mkopo. Chama kinachotaka kuwepo miaka thelathini ijayo hakiwezi kuwategemea wazee peke yao.

Hali ya hewa nayo inabadilika. Utafiti wa A.C.W. Craparo na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu arabika ya Tanzania, ulikadiria kwamba kila joto la usiku linapopanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, mavuno yanapungua kwa takriban kilo 137 kwa hekta kwa mwaka. Kwa mkulima mdogo hilo ni pigo kubwa. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoko Lyamungu, imetoa miche chotara inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa ambayo yametumalizia fedha kwenye dawa. Hata hivyo vitalu vingi vinapanda kwa kukisia. Ramani ya mashamba ikionyesha ni wapi mikahawa imezeeka na wapi migomba ya kivuli imekatwa, chama kinajua mche upelekwe wapi kwanza, na baada ya miaka mitatu kinaweza kurudi na kuona uliota au ulikufa. Bila kumbukumbu hizo tutaendelea kutangaza idadi ya miche iliyogawiwa, wakati swali la maana ni mingapi iliyopona.

Vivyo hivyo kwenye mitambo ya kumenya kahawa mbivu, ile tunayoiita CPU. Maji yanayotoka humo yana utomvu na uchachu, na yakiachwa yaende mtoni yanaua viumbe na kuwakera majirani wa bondeni. Ipo mitambo ya kisasa inayotumia maji machache sana kuliko ya zamani. Bodi inayofunga mita ya maji na kuandika lita zilizotumika kwenye kumbukumbu zilezile za kilo zilizomenywa itajua kila wiki imetumia lita ngapi kwa kilo, mtambo wake umeanza kuchoka lini, na itakuwa na jibu kwa mkaguzi na kwa jirani. Mita moja, safu moja ya ziada kwenye kumbukumbu, na mazingira yanatoka kwenye hotuba na kuingia kwenye uendeshaji.

Mfumo wenyewe nao lazima uwe endelevu. Mradi ukija, kila kitu hulipwa: vifaa, intaneti, mtaalamu. Mradi ukiisha, inakuja ankara ya ada ya mwaka, betri ya kishikwambi imevimba, na kijana aliyefundishwa amehamia mjini. Karani anarudi kwenye daftari, na wanachama wanaambiwa mtandao unasumbua. Ndiyo maana naziomba bodi ziulize maswali haya kabla ya kupokea mfumo wowote, hata wa bure. Ada ya kila mwaka ni kiasi gani baada ya mfadhili kuondoka, na italipwa kutoka ushuru upi? Unafanya kazi mahali ambapo hakuna mtandao, kisha ukatuma taarifa mtandao ukipatikana? Unaongea Kiswahili? Unaweza kutoa taarifa zote kwa muundo unaofunguka kwenye programu nyingine? Ukiharibika, fundi wa karibu yuko wapi? Na vifaa vikifa, vinakwenda wapi, maana betri iliyotupwa shambani ni sumu kwenye udongo uleule tunaodai kuulinda.

Ndugu wajumbe, kuunganisha mambo haya si jambo geni kwa ushirika wetu. Wakulima wa Kilimanjaro walipoanzisha chama chao mwaka 1925, kabla ya Chama Kikuu cha KNCU kuundwa mwaka 1933, walikutana kwa ajili ya kupambana na wadudu na magonjwa ya kahawa na pia kwa ajili ya soko lake. Afya ya mti na bei ya zao vilikuwa chini ya paa moja tangu mwanzo. Historia ina upande wa pili pia: mwaka 1976 Vyama Vikuu vilifutwa kwa uamuzi wa juu, na ilichukua hadi sheria ya 1982 kuvirejesha. Wenye kahawa hawakuwa na sauti katika uamuzi ule. Mfumo wa kidijitali ukiletwa kwa mtindo huohuo, kwa waraka na kwa tarehe ya mwisho, bila mwanachama kuelewa unamfaa nini, hatautetea siku ukitikiswa.

Kwa hiyo naomba mambo matano. Kwanza, kila bodi iunde kamati moja inayoshika TEHAMA, ubunifu na uendelevu kwa pamoja, yenye angalau kijana mmoja na mwanamke mmoja wanaolima kahawa kwa mikono yao. Pili, daftari la wanachama lisafishwe kijiji kwa kijiji kabla ya kununua kifaa chochote. Tatu, kila kilo ipokelewe kwa risiti na ujumbe wa simu, na rekodi hizo zitumike kufungua mkopo mdogo wa kumwondoa mwanachama kwenye butura. Nne, ramani ya mashamba iwe mali ya chama, na hakuna kampuni itakayopima bila kuacha nakala kamili. Tano, gharama za kuendesha mfumo ziingie kwenye makisio ya mapato na matumizi na zipitishwe na mkutano mkuu, ili wanachama wajue wanalipia nini na wawe na haki ya kuuliza.

Tume ya Maendeleo ya Ushirika, Bodi ya Kahawa na TaCRI wana nafasi yao, na barua nyingine itawafaa. Hii nimewaelekezea ninyi kwa sababu sisi ndio tuliowapigia kura, na kalamu ya mkataba iko mkononi mwenu. Hamhitaji kusubiri waraka kutoka Dodoma ili kusafisha daftari, wala semina ya hoteli ili kudai nakala ya ramani ya mashamba yetu.

Mkutano mkuu ujao, naomba msitusomee idadi ya vishikwambi vilivyonunuliwa, miche iliyogawiwa na vyeti vilivyopatikana. Tuambieni ni wanachama wangapi mwaka huu hawakuuza butura, mikahawa mingapi mipya imepona, na kila mmoja wetu amelipwa kiasi gani kwa kila kilo aliyopima. Mkiweza kuyajibu hayo kwa takwimu zenu wenyewe, tutajua kazi imefanyika.

Wenu katika ushirika,
Mwanachama mwenzenu, mkulima wa kahawa